Kifungu cha 246: Uhehe Katika Mkataba wa Wakubwa

Habari ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kama inavyosimuliwa Iringa, ina kipande ambacho karibu kila msimulizi hukipenda: kwamba mwaka 1919, wakubwa wa dunia walipokaa Versailles kuifunga Vita Kuu ya Kwanza, waliamuru fuvu lirudishwe kwa Wahehe. Kipande hicho hujitokeza katika hotuba, katika insha za wanafunzi na katika maelezo wanayopewa wageni. Kina nusu ya ukweli. Wakubwa walikaa kweli, wakaandika, wakatia saini. Lakini Wahehe hawakuwamo katika walichokiandika.

Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles ni kifupi, kina aya tatu tu. Ya kwanza inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi 6 tangu mkataba uanze kutumika, imrudishie Mfalme wa Hijazi msahafu wa asili wa Khalifa Othman, uliotolewa Madina na watawala wa Kituruki na ambao inasemekana alizawadiwa Kaisari Wilhelm II. Ya pili inaitaka Ujerumani, ndani ya muda huohuo, iikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililoondolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani. Ya tatu inasema mahali na masharti ya makabidhiano yatapangwa na serikali zitakazopokea. Basi. Wahehe hawatajwi, Kalenga, makao ya Mkwawa, haitajwi, na hakuna sentensi inayoilazimisha London, ikishalipokea fuvu, ilifikishe kwa wenyewe.

Katika nchi hii hakuna maandishi yanayoonyesha vizuri zaidi kuliko haya jinsi sheria ya kimataifa na siasa za dunia zinavyolala kitanda kimoja. Hata hivyo wanafunzi wa sheria wa vyuo vya Iringa na Mbeya hujifunza somo hilo kwa kesi za Korfu, Nikaragua na Kosovo, na wengi wao humaliza masomo bila kuifungua aya inayomtaja mtu aliyezikwa katika mkoa wa Iringa.

Yaliyotangulia yanajulikana. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba unaoitwa wa Heligoland na Zanzibar, zikakata ardhi kwa rula. Mkwawa hakuulizwa. Tarehe 17 Agosti 1891 jibu lake lilimfikia Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeitwa Nyundo, pale Lugalo, ambako kikosi chake kilifyekwa na yeye mwenyewe akauawa. Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Miaka karibu 4 ya kuwindwa ikafuata, rupia 5,000 zikiwa zimetangazwa kwa atakayemleta, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe hai. Sajini Merkl alimkata kichwa na kukipeleka Iringa kwa ofisa Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani. Tangu hapo njia ya kichwa hicho inapotea katika masimulizi yanayopingana.

Miaka 21 baadaye kichwa kilichopotea kiliingia katika mkataba wa mataifa. Kiliingiaje humo ni swali linalostahili kukaliwa.

Aliyeanzisha dai hilo alikuwa Horace Byatt, msimamizi wa Kiingereza wa eneo lililokuwa limetekwa kwa Wajerumani. Katikati ya Novemba 1918 silaha zilikuwa zimenyamaza Ulaya kwa siku chache tu. Jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck hakuwa hata amejisalimisha kule Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo ya Tunduma. Wakati huo Byatt aliiandikia London akipendekeza Ujerumani idaiwe fuvu la Mkwawa. Alikuwa na hoja mbili. Kwanza, Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani, na wangefurahi. Pili, na hii ndiyo iliyokuwa na uzito, kurudi kwa fuvu kungekuwa uthibitisho wa wazi mbele ya wenyeji kwamba nguvu ya Mjerumani imevunjika kabisa na haitarudi.

Hoja ya pili haihusu haki ya marehemu wala ya ukoo wake. Inahusu nani atatawala kesho. Byatt alikuwa na nchi iliyopigwa na vita, njaa na homa ya mafua ya 1918, na watu waliokuwa hawajui kama bendera mpya itadumu. Alihitaji alama ambayo mtu wa Kalenga angeielewa bila kusoma gazeti.

London nayo ilikuwa na shida yake. Rais Wilson wa Marekani alikuwa amekuja Paris akisema makoloni yasigawanywe kama nyara. Ili kuyachukua bila kuonekana mnyang'anyi, ilibidi Uingereza ithibitishe kwamba Mjerumani hafai kumtawala Mwafrika. Mwaka 1918 ilikuwa imechapisha kitabu kizima cha ushahidi kuhusu mateso ya Waherero na Wanama huko Afrika ya Kusini-Magharibi. Ushahidi ule ulikuwa wa kweli kwa sehemu kubwa, lakini ulikusanywa kwa sababu ulikuwa unafaa. Mwaka 1926, urafiki na Wajerumani ulipohitajika tena, nakala za kitabu hicho ziliondolewa maktabani na kuharibiwa. Fuvu la Mkwawa lilihudumu katika kesi hiyohiyo: kichwa cha mfalme wa Kiafrika kilichokatwa na kupelekwa Ulaya kilikuwa kielelezo ambacho hakuna wakili angekikataa.

Hivyo Wahehe waliingia Versailles kama kielelezo. Wadai walikuwa wengine. Tarehe 30 Mei 1919, mwezi mmoja kabla ya saini, Mwingereza Lord Milner na Mbelgiji Pierre Orts walikuwa tayari wamepatana kwamba Ruanda na Urundi ziende Ubelgiji na sehemu iliyobaki, Uhehe ikiwemo, iende Uingereza. Tarehe 28 Juni mkataba ukatiwa saini. Wajerumani wawili waliotia saini walikuwa Hermann Müller, waziri wa mambo ya nje, na Johannes Bell, ambaye wizara aliyoishika ilikuwa ya makoloni. Waziri wa makoloni akaweka jina lake chini ya maandishi yanayoyaondoa makoloni, pamoja na fuvu.

Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Miezi 6 ikaisha tarehe 10 Julai mwaka huohuo. Fuvu halikuonekana. Ujerumani ilikana, ikisema hakuna ushahidi kwamba lilifikishwa kwao. Uingereza iliuliza tena, ikapata jibu lilelile, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaliacha jambo lilale.

Ni hapa kifungu jirani kinapofundisha kuliko maelezo yoyote ya profesa. Kifungu cha 247 kinahusu Ubelgiji. Kinaitaka Ujerumani ilipie kwa vitabu na miswada hasara ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Louvain iliyochomwa na jeshi lake mwaka 1914, na irudishe vipande vya picha kubwa ya madhabahu ya Ghent, kazi ya ndugu van Eyck, vilivyokuwa Berlin. Vitabu vilianza kupelekwa Louvain. Picha ilifika Ghent mwaka 1920. Vifungu hivyo viwili viko katika sehemu moja ya mkataba, vinamdai mdaiwa mmoja, na vimetiwa saini kwa kalamu ileile. Kimoja kilitekelezwa, kingine kikafa.

Msomaji mwenye haki atasema picha ilikuwa ikining'inia makumbushoni, kila mtu akiiona, ilhali fuvu halikujulikana liliko. Ni kweli. Lakini picha pia ilikuwa na serikali iliyokaa mezani, yenye balozi, gazeti na umma uliokuwa ukiuliza kila wiki. Hata Hijazi, ambayo msahafu wake nao haukurudi, ilikuwa na wajumbe Paris. Uhehe haikuwa na yeyote. Aliyeishikia hati ya deni alikuwa mtawala wake mpya, na mtawala huyo alikuwa ameshapata alichokitaka, yaani nchi yenyewe.

Wapo wanaokisoma kifungu cha 246 kama ushahidi wa huruma ya Mwingereza kwa Wahehe. Tafsiri hiyo haistahili muda mrefu. Serikali iliyokuwa na huruma ya aina hiyo ingeanza na makabati yake, kulikojaa dhahabu ya Waashanti ya 1874, shaba za Benin za 1897 na vitu vilivyobebwa Maqdala, Ethiopia, mwaka 1868. Wala isingeliacha deni lilale miaka zaidi ya 30 baada ya barua mbili tatu.

Tafsiri ya pili ina nguvu zaidi na inapendwa na vijana: sheria ya kimataifa ni vazi la wenye nguvu, wanalivaa kukiwa na baridi na kulivua kukiwa na joto. Mwenye nguvu mpishe. Anayesema hivyo ana ushahidi tele, na mwaka 1920 ungempa ushindi bila kupigiwa kura. Tatizo ni kwamba habari haikuishia mwaka 1920.

Sir Edward Twining alikuja kuwa Gavana wa Tanganyika mwaka 1949, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akalifufua suala. Dunia ilikuwa imegeuka. Shirikisho la Mataifa lilikuwa limekufa, mkataba wa Versailles ulikuwa umechanwa na Hitler, na Ujerumani yenyewe ilikuwa imegawanyika. Hata hivyo aya ile ilikuwa ingali pale, imeandikwa, imetiwa saini na Wajerumani wenyewe. Hakuna kabila jingine la Tanganyika lililokuwa na karatasi ya namna hiyo. Wachaga hawakuwa nayo kwa Mangi Meli aliyenyongwa mwaka 1900, wala Wangoni kwa viongozi wao walionyongwa Songea mwaka 1906. Twining alipobisha hodi, alikuwa na kitu cha kuonyesha mlangoni.

Mlango wenyewe ulikuwa wa makumbusho ya Bremen, yaliyokuwa na mafuvu mengi kutoka makoloni ya zamani. Mwaka 1953 Twining alifika huko mwenyewe. Vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa vilikuwa vimechukuliwa, mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki yakatengwa, na likachaguliwa moja ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya ukoo na lililokuwa na tundu la risasi. Kama ndilo hasa, wanahistoria hawajakubaliana. Wajerumani Martin Baer na Olaf Schröter, walioandika kitabu juu ya kisa hiki mwaka 2001, ni miongoni mwa waliotia shaka. Ushahidi wa kupima vichwa ulikuwa mbinu ya zama zile, na leo hakuna maabara ingeukubali. Lakini shaka hiyo ihukumu kazi ya Twining, isiihukumu heshima ambayo watu wa Kalenga wamelipa fuvu lililopo. Wao waliletewa, hawakuchagua.

Tarehe 19 Juni 1954, Kalenga, gavana akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa fuvu la babu yake, miaka karibu 34 baada ya muda wa mkataba kupita.

Siasa ilikuwa imejaa uwanjani pale. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, Mau Mau wakiwa msituni, na Wahehe walikuwa na sifa ya kuwa askari wazuri. Twining alihitaji machifu wenye hadhi na watu wao wakiwa watiifu. Kwa maana hiyo alikuwa Byatt wa pili: fuvu lilelile, shabaha ileile. Tofauti ni kwamba safari hii saa ilikuwa imewapita. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kikazaliwa Dar es Salaam. Mwezi Agosti ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukatua Tanganyika kukagua, na ripoti yake ikasema nchi inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, jambo lililoiudhi London na kumpa Julius Nyerere sababu ya kusafiri hadi New York Machi 1955. Naye Adam Sapi, ambaye gavana alimtegemea kama nguzo ya utawala wa machifu, alikuja kuwa Spika wa Bunge la nchi huru kwa miaka mingi. Fuvu lililoletwa kutuliza watu likawa mali ya taifa lililomwondoa aliyelileta.

Swali la kisheria linabaki. Je, ni mkataba uliolirudisha, au ni gavana mwenye haja zake? Jibu la makala haya ni kwamba gavana asingeweza bila mkataba, na mkataba usingesogea bila haja ya gavana. Wanaotaka kuchagua upande mmoja watafute mfano mwingine.

Kwa bahati Nyanda za Juu Kusini zinao. Oktoba 1925 Lord Delamere, kigogo wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu, katika baridi ya Rungwe. Waliohudhuria walikuwa walowezi kutoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Ndoto yao ilikuwa ukanda mmoja wa utawala wa wazungu kutoka Nairobi kushuka Iringa, Mbeya na kuendelea kusini, na nyanda hizi zenye ubaridi na mvua ndizo zilizokuwa kiungo. Bila Iringa na Rungwe, Kenya ya walowezi na Rhodesia ya walowezi zingebaki mbalimbali.

Ndoto hiyo ilikuwa na pesa, watu na marafiki bungeni London. Kilichoikwama kooni kilikuwa karatasi. Tanganyika haikuwa koloni. Uingereza iliishika kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, kwa hati iliyothibitishwa Julai 1922, na kila mwaka ilibidi itoe hesabu mbele ya kamati ya Geneva. Kamati hiyo haikuwa na polisi hata mmoja. Ilichokuwa nacho ni maswali, na wajumbe wake waliuliza kwa ukaidi kama kuiunganisha Tanganyika na Kenya hakutaivunja hati. Gavana Donald Cameron naye alipinga muungano. Mwaka 1931 kamati ya bunge la Uingereza iliwasikiliza hata Waafrika, Martin Kayamba akiwa mmoja wao kutoka Tanganyika, na muungano ukawekwa kando.

Hati hiyohiyo ilikuwa na makali upande wa pili. Iliagiza raia wa nchi wanachama wa Shirikisho watendewe sawa, na Ujerumani ilipoingia Shirikisho mwaka 1926 hapakuwa na njia ya kuwazuia Wajerumani kurudi. Walirudi kwa wingi Iringa, Mufindi na Mbeya, wakafungua mashamba, na kufikia 1939 walikuwa wengi kuliko walowezi wa Kiingereza nchini. Hitler alipoanza kuyadai makoloni, walowezi waliokuwa wakiilaani Geneva waligeuka ghafla kuwa watetezi wa hati yake, wakaunda hata chama cha kuitetea Tanganyika isirudishwe. Vita ilipoanza Wajerumani walikusanywa wakafungwa, na Ifunda na Kidugala zikapokea wakimbizi wa Kipolandi.

Miaka ya harakati za uhuru isitumie wino mwingi. Imeandikwa vya kutosha. Itoshe kusema kwamba desturi ya kupeleka malalamiko kwa Umoja wa Mataifa, waliyoionyesha Wameru na Kirilo Japhet mwaka 1952, ilitokana na mlango uleule ambao Geneva ilikuwa imeuacha wazi.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, Nyerere alifanya jambo ambalo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi kwa jina lake. Aliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili iliyotiwa saini na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika itaendelea kwa miaka 2. Baada ya hapo, usiojadiliwa upya umekufa, isipokuwa ule ambao kanuni za sheria za kimataifa zinaushikilia. Ni kwa msingi huo Tanganyika ilijitoa katika mkataba wa maji ya Mto Nile wa 1929 na katika haki za Ubelgiji bandarini Dar es Salaam na Kigoma. Hoja ilikuwa rahisi: mtoto hatalipa deni la mtu aliyemteka baba yake.

Mipaka, hata hivyo, ni deni la aina nyingine. Julai 1964 huko Cairo, Nyerere ndiye aliyesimama mbele kuwashawishi viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waape kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Alikuwa na sababu: bara zima lingewaka moto. Malawi ilikuwa imepata uhuru wiki 2 tu kabla, tarehe 6 Julai. Na mpaka wa Malawi na Tanganyika, kwa maneno ya ule mkataba wa 1890, ulipita ukingoni mwa Ziwa Nyasa hadi mdomo wa Mto Songwe. Hii ni kusema kwamba mvuvi wa Kinyakyusa anayesukuma mtumbwi kutoka Matema, kwa maandishi hayo, anaingia nchi ya watu kabla hajalowa magoti.

Mwaka 1967 Tanzania ilieleza rasmi kwamba mpaka uko katikati ya ziwa. Rais Banda wa Malawi alikataa, na mwaka uliofuata akajibu kwa kudai kwamba hata mikoa ya kusini mwa Tanzania ni ya Malawi. Hoja hiyo ya pili ya Banda iachwe ilipoangukia. Hoja ya kwanza ni nzito, na Watanzania wanaoibeza hawajaisoma. Malawi ina maandishi ya 1890 na ina kiapo cha Cairo, ambacho aliyekisimamia ni Nyerere mwenyewe.

Tanzania nayo haiko mikono mitupu. Ina kanuni ya kawaida kwamba mpaka wa ziwa hupita katikati. Ina kifungu cha 6 cha mkataba uleule kinachoruhusu mistari irekebishwe kwa mapatano kulingana na mahitaji ya mahali. Ina maisha ya watu wa wilaya za Kyela, Ludewa na Nyasa ambao ziwa ni shamba lao. Na ina kitu ambacho Waingereza walikiacha bila kukusudia: ripoti zao kwa Geneva za miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, zilizoeleza mpaka ukipita katikati ya ziwa. Maofisa walioziandika hawakuwa wakiwatetea Wanyakyusa. Walikuwa wakijibu maswali ya kamati. Karani wa kikoloni akijaza fomu kwa ajili ya Geneva aliiandalia Jamhuri ya Muungano ushahidi ambao haukuwa umeombwa.

Ugomvi uliamka tena mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani. Wazee wakaitwa kusuluhisha: Joaquim Chissano wa Msumbiji, pamoja na Thabo Mbeki na Festus Mogae. Malawi ilitaja Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Yenyewe ilikubali mamlaka ya mahakama hiyo tangu mwaka 1966. Tanzania haijaweka tamko kama hilo, kwa hiyo haiwezi kuburutwa huko bila ridhaa yake, na tahadhari yake inaeleweka. Tarehe 13 Desemba 1999 mahakama hiyo iliamua ugomvi wa Botswana na Namibia juu ya kisiwa kiitwacho Kasikili au Sedudu katika Mto Chobe. Mkataba uliotafsiriwa ulikuwa huuhuu wa 1 Julai 1890. Namibia ilieleza kwamba watu wake walikuwa wakilima na kuishi kisiwani kwa miaka mingi. Majaji wakayatazama maandishi ya Berlin na London, wakaipa Botswana kisiwa. Anayeamini kwamba mitumbwi ya Kyela peke yake itashinda kesi aisome hukumu hiyo kwanza.

Kuna mambo mengine yanayostahili makala yao. Barabara ya Mbeya hadi Tunduma ilibeba mafuta ya Zambia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965 na Umoja wa Mataifa kuweka vikwazo, kisha likaja bomba la mafuta mwaka 1968 na reli ya TAZARA. Kambi ya Mgagao, Iringa, ndiko wapiganaji wa ZANU wa Zimbabwe walikotoa tamko lao la 1975 lililomtupa Ndabaningi Sithole na kumnyanyua Robert Mugabe, miaka 2 kabla itifaki ya Geneva ya 1977 haijawatambua wapigania uhuru kuwa wanajeshi halali na si majambazi.

Siku hizi suala la mabaki ya binadamu limerudi. Mwaka 2014 kizazi cha Tom von Prince kilileta Iringa jino linalosemwa kuwa la Mkwawa. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kadhaa na jamaa walio hai, na tarehe 1 Novemba mwaka huo Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji. Radhi si fidia, na wanasheria wa Ujerumani hushika kanuni kwamba tendo lipimwe kwa sheria ya siku lilipotendwa. Kanuni hiyo huwa ngumu kuijibu. Kwa Mkwawa tu ndiko inakopata shida, kwa kuwa Ujerumani ilikwisha kukiri kwa saini mwaka 1919 kwamba kichwa kilichochukuliwa vitani kinadaiwa. Koo zinazodai mafuvu yao leo, na mawakili wao, wanayo haki ya kuitumia saini hiyo kama mfano uliotangulia, hata kama walioiandika walikuwa na shughuli nyingine kabisa akilini.

Vitivo vya sheria vya Iringa na Mbeya vingefanya kazi nzuri kuanzia hapo, na visiishie kwenye mafuvu. Mashindano ya mahakama ya kuigiza yafanyike Kyela, wanafunzi wa huku wakabiliane na wenzao wa Zomba, Malawi, juu ya Ziwa Nyasa, na masharti yawe haya: Watanzania waitetee Malawi, na Wamalawi waitetee Tanzania.